Mistari Mitatu Kwenye Fomu ya Ajali

Ndugu viongozi wa chama, ndugu wafanyakazi wenzangu, na hasa ninyi wa zamu ya usiku mlioahirisha usingizi ili mje kukaa kwenye viti hivi vigumu: asanteni kwa kunialika.

Nimeombwa nijibu swali moja. Mtu akiumia kazini, ni lini sheria inasema huyu alipwe fidia, na ni lini inasema hapana? Kabla sijajibu niwaambie mimi ni nani, msije mkanidhania hakimu. Mimi ni mtu wa mafaili. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kupokea fomu za ajali, kuzisoma, kuzirudisha zilikotoka kwa sababu zimejazwa nusu, kuzipokea tena, na kuandika barua. Ninachokijua nimekijulia hapo.

Kwenye kila fomu ya ajali niliyowahi kuishika kuna kisanduku kidogo, mistari mitatu au minne, juu yake pameandikwa: eleza ajali ilivyotokea. Watu hukijaza haraka kuliko sehemu nyingine zote. Jina wanaliandika kwa herufi kubwa, namba ya kitambulisho wanaihakiki mara mbili, wakifika hapo wanabandika maneno machache na kuweka saini. Nakumbuka moja iliyosema hivi: "Aliumwa mgongo akapelekwa hospitali." Maneno manne.

Mwenye mgongo huo alikuwa mpakiaji. Tulipokuja kumuuliza, miezi kadhaa baadaye, alisimulia vizuri kabisa. Walikuwa wanashusha mifuko ya kilo 50 kutoka kwenye lori. Mfuko mmoja wa chini ulikuwa umelowa. Akaubeba begani, ukapasuka, naye akajipinda kuuwahi usimwangukie mwenzake mguuni. Akasikia kiunoni kitu kama kamba imekatika. Akakaa chini palepale, na mmoja wa wenzake akamletea maji. Yote hayo, lori, mfuko uliolowa, mtu wa maji, hayakuwemo kwenye karatasi. Kilichokuwemo ni mgongo tu. Mwajiri akajibu kwa barua fupi: mgongo huwauma watu wengi, hata wasio na kazi. Na barua ile, tukisema haki, haikuwa na uongo ndani yake.

Kwa hiyo leo nitazunguka sana, nitawapeleka mpaka karne zilizopita, lakini nitakuwa nakizunguka kisanduku hicho.

Zamani mfanyakazi aliyeumia alikuwa na njia moja tu: amshtaki mwajiri na athibitishe kwamba mwajiri ndiye mwenye kosa. Mwaka 1837, huko Uingereza, iliamuliwa kesi ya kijana mmoja aitwaye Priestley, aliyekuwa akimtumikia mwenye bucha. Alitumwa na gari la mzigo, likawa limejazwa kupita kiasi, likavunjika, naye akavunjika paja. Wazee wa baraza wakampa paundi 100. Majaji wakazifuta. Hoja yao ilikuwa kwamba mtumishi halazimishwi kuhatarisha usalama wake. Kama aliona kazi ni ya hatari, angekataa. Fikirini kijana wa bucha anamwambia bosi wake asubuhi, "Leo gari hili sipandi."

Kutoka hapo zikajengwa kuta tatu. Ya kwanza: ulijua hatari ukaikubali. Ya pili: aliyekuumiza ni mfanyakazi mwenzako, mdai yeye. Ya tatu: na wewe mwenyewe ulichangia, hata kidogo. Ukiruka ya kwanza unaangukia ya pili. Watu walizikwa na wajane wao wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Ujerumani ndiyo iliyotangulia kuzibomoa kitaifa. Sheria ya bima ya ajali ya mwaka 1884, enzi za Kansela Bismarck, iliyoanza kutumika 1885, haikuuliza nani mwenye kosa. Waajiri wa kila sekta walichangia mfuko wao, na mtu aliyeumia asiweze tena kazi yoyote alilipwa theluthi mbili ya kipato chake. Uingereza ikafuata mwaka 1897 kwa sheria yake yenyewe. Naomba mwelewe kwamba haya yalikuwa mapatano, na kila upande ulitoa kitu. Mfanyakazi alipata malipo bila kuthibitisha kosa. Mwajiri alipata uhakika kwamba kesi moja haitamfilisi. Ndiyo maana katika nchi nyingi ukishaingia kwenye mfumo wa fidia huwezi tena kumshtaki mwajiri wako kwa uzembe wa kawaida. Ndiyo maana pia, kwa sehemu kubwa, fidia hailipi uchungu wala fedheha. Inalipa matibabu na kipato kilichopotea. Wako wanaosema ni kidogo. Ni kidogo kweli. Nawaomba tu walinganishe na paundi za Priestley.

Basi mtu akiniuliza la kwanza la kushika ni lipi, namwambia: swali la kosa liweke pembeni. Nasisitiza hili kwa sababu wengi hawaji kudai kwa aibu. "Mimi mwenyewe niliweka mkono vibaya." "Nilikuwa nimechoka." "Nilisahau kushusha kikinga cha mashine." Mtu anayefanya jambo lilelile mara elfu kwa zamu moja, siku moja mkono utakosea, na waliotunga sheria walilijua hilo. Uzembe wa kawaida haukunyimi fidia. Hata ile methali tunayopenda kuisema, ajali haina kinga, hapa haisaidii upande wowote. Ilikuwa na kinga au haikuwa nayo, swali linabaki lilelile.

Swali ni hili: je, ni kazi?

Sheria ile ya 1897 ililiuliza kwa maneno ambayo baadaye yalisafiri nchi nyingi, na hadi leo ukifungua sheria ya fidia utayakuta au utamkuta ndugu yake. Jeraha la mwili, kwa ajali, lililotokana na kazi na lililotokea katika kazi. Tazameni pale katikati. Pana "na". Si "au". Madai yako lazima yapite milango miwili, na watu wengi wanadhani ni mmoja.

Mlango wa "katika kazi" ni habari ya muda, mahali na shughuli. Ulikuwa pale ulipotakiwa kuwa, saa uliyotakiwa, ukifanya uliloajiriwa kulifanya au jambo linaloambatana nalo. Hilo la mwisho ni pana kuliko mnavyodhani. Kwenda msalani ni katika kazi. Kunywa maji, kubadili nguo za kazi, kusimama foleni ya kusaini daftari, hayo nayo kwa kawaida yamo. Umefika dakika kumi kabla ya zamu ukateleza kwenye ngazi za ndani ya geti: mara nyingi imo, kwa sababu hakuna anayefanya kazi bila kwanza kuingia. Umetumwa kuchukua vipuri: imo njia nzima, mpaka pale utakapoiacha njia kwa mambo yako. Dereva aliyepinda kumsalimia shemeji yake akagongwa mlangoni kwa shemeji, pale alikuwa mgeni wa shemeji, si dereva wa kampuni. Akisharudi kwenye barabara aliyotumwa, anarudi kuwa dereva.

Mlango wa "kutokana na kazi" ndio unaowapa mawakili riziki. Hapa lazima kazi iwe na mchango katika kuumia kwako. Mchango wa namna gani? Kuna kesi ya mwaka 1917 ninayoipenda, iliyofika mpaka mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Mwanamke alikuwa ndani ya banda akifungasha samaki. Kiwanja cha jirani, cha mtu mwingine kabisa, kulikuwa kunajengwa ukuta. Ukuta ukaangukia paa la banda, paa likamwangukia yeye. Mwajiri akasema: ukuta si wangu, na kufungasha samaki hakuangushi kuta. Hoja safi. Lakini majaji wakamwambia: kazi yako ndiyo iliyomweka chini ya paa lile saa ile, na paa ndilo lililomuumiza. Akalipwa. Kwa hiyo haikuwa lazima kazi isukume ukuta. Ilitosha kwamba ilimweka mahali penye hatari.

Sasa geuzeni upande wa pili. Mtu ana ugomvi wake wa nyumbani, adui akamfuata hadi kazini akampiga. Muda ni wa kazi, mahali ni pa kazi, mlango wa kwanza umefunguka wazi. Lakini kazi ilikuwa uwanja tu wa ugomvi uliozaliwa kwingine, na mara nyingi mlango wa pili hufungwa. Mlinzi aliyepigwa na mwizi usiku uleule, kwenye geti lilelile, analipwa, kwa sababu kukaa kati ya mwizi na mali ndiyo kazi yenyewe. Kipigo ni kimoja, majibu ni mawili, na tofauti yote iko kwenye sababu ya kipigo. Je, sababu hiyo iliandikwa kwenye kisanduku? "Alipigwa akiwa zamu" haitoshi.

Nimesema pia "kwa ajali". Neno hili liliwasumbua watu mpaka mwaka 1903. Mfanyakazi alikuwa anazungusha gurudumu la mashine, likagoma, akatia nguvu, akapata ngiri. Mashine haikuvunjika, hakuanguka, hakuna kilichomgonga. Ajali iko wapi? Mahakama ikasema ajali ni baya lililokupata usilolitarajia wala kulikusudia, na si lazima kitu kianguke. Misuli kupasuka kwa kukaza ni ajali. Mwaka 1910 wakaenda mbele zaidi. Fundi alikuwa anakaza nati kwa spana, kazi ya kawaida kabisa, akaanguka akafa. Ilikutwa mshipa wake mkubwa wa damu ulikuwa umevimba siku nyingi, na kwa hali uliyofikia ungeweza kupasuka hata akiwa amelala. Familia yake ikalipwa. Aliifia spana. Ugonjwa ulikuwepo, lakini mkazo wa kazi ndio uliomaliza, na mwajiri anampokea mfanyakazi alivyo, na mshipa wake mbovu.

Sasa rudini kwenye barua ya mwajiri wa yule mpakiaji. "Mgongo huwauma watu wengi." Sawa, tena huenda mgongo wake ulikuwa na uchakavu tangu zamani. Hilo peke yake halimalizi habari. Swali linalobaki ni kama mfuko uliopasuka ulizidisha. Na ili mtu aweze kulijibu, kwanza lazima ajue kwamba kulikuwa na mfuko.

Nije kwenye safari ya kwenda na kurudi kazini, maana nimeona mikono miwili inataka kunyooka tangu nilipotaja ngazi. Hapa sheria zinatofautiana sana, na yeyote atakayewapa jibu moja la dunia nzima anawadanganya. Kanuni ya zamani inasema njia ya kutoka kwako hadi kazini ni yako. Kisha inakuja misamaha: ukipanda gari la mwajiri, ukiwa umeitwa kwa dharura nje ya zamu, kama kazi yako yenyewe ni ya kusafiri. Ujerumani yenyewe imezihesabu ajali za njiani tangu mwaka 1925. Mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, unazitaka nchi zilizouridhia zieleze kwenye sheria ni wakati gani ajali ya njiani ni ya kazi, isipokuwa kama zimeishughulikia kwa bima nyingine.

Niwape ya karibuni, inachekesha kidogo lakini si mzaha. Mjerumani mmoja aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani aliamka, akashuka ngazi za mzunguko kutoka chumba cha kulala kwenda chumba chake cha kazi, akateleza, akavunjika uti wa mgongo. Bima ikakataa: hiyo ni nyumba yake. Desemba 2021 mahakama ya juu ya masuala ya hifadhi ya jamii ikasema alikuwa njiani kwenda kazini. Safari ya ngazi chache, lakini safari. Jambo lililombeba ni kwamba alishuka ili aanze kazi moja kwa moja, na kawaida yake ilikuwa kuanza kazi bila hata kunywa chai. Angekuwa anakwenda jikoni kwanza, sijui kama tungemsikia. Mnaona? Dunia imebadilika kabisa tangu 1884, lakini kilichoamua kilikuwa kilekile: alikuwa anafanya nini hasa, na kwa ajili ya nini.

Wapo wanaokataliwa kwa haki, tusifichane. Aliyejiumiza kwa makusudi hana dai. Ulevi uliosababisha ajali huondoa dai katika sheria nyingi, ingawa ni mwajiri anayetakiwa kuuthibitisha, na kunusa mdomo si uthibitisho. Mizaha ya kusukumana: aliyeanzisha ana kazi ngumu, aliyesukumwa wakati amejiinamia kwenye meza yake kwa kawaida yuko salama. Kisha kuna kitu kinaitwa utovu wa nidhamu wa makusudi, yaani ulikatazwa waziwazi, ukajua, ukafanya. Sheria ya Uingereza ya 1897 iliufanya uwe kizuizi kamili. Miaka tisa tu baadaye, kwenye sheria ya 1906, wakailegeza: kama aliyekaidi amekufa au amepata ulemavu mkubwa wa kudumu, alipwe. Nadhani waliwaona watoto wa wakaidi. Sheria nyingi zilizokuja baadaye zimeifuata huruma hiyo. Kwa hiyo msimamizi akikwambia, "Hukuvaa glavu, basi huna chako," mjibu kwa adabu kwamba hilo si lake kuamua.

Mpaka hapa nimezungumzia vitu vinavyotokea kwa kishindo. Sasa niseme habari ya vile visivyo na sauti, na hapa naomba msisinzie, maana ndipo wengi wetu tunapofia. Shirika la Kazi Duniani linakadiria kwamba watu milioni 2.93 hufa kila mwaka kwa sababu zinazohusiana na kazi. Kati yao ajali zinachukua kama laki tatu na elfu thelathini. Waliobaki, zaidi ya milioni mbili na nusu, wanakufa kwa magonjwa. Lakini kwenye rundo la fomu mezani kwangu uwiano ulikuwa kinyume kabisa: vidole, vidole, mguu, jicho, vidole, na mara moja moja pafu.

Sababu si ngumu. Kidole kina tarehe. Pafu halina. Vumbi la mawe linaingia kidogo kidogo, na mtu anaanza kukosa pumzi akiwa ameshaacha kazi ile. Saratani ya utando wa mapafu inayoletwa na asbesto kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40, na zaidi. Mwajiri ameshafunga, msimamizi ameshazikwa, na mgonjwa mwenyewe anamwambia daktari kazi yake ni mkulima, kwa sababu ndicho anachofanya sasa.

Sheria ilijaribu kulitatua kwa orodha. Mwaka 1906 Waingereza waliorodhesha magonjwa sita: kimeta, minyoo ya safura ya wachimba migodi, na sumu za risasi, zebaki, fosforasi na aseniki. Ukiwa na ugonjwa uliomo, na ulifanya kazi iliyotajwa mkabala wake, unadhaniwa umeupata kazini mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo. Orodha zimerefuka sana tangu hapo. Siku hizi utakuta uziwi wa kelele, magonjwa ya ngozi, pumu ya kazini, maumivu ya viungo yanayoletwa na kurudiarudia kitendo kilekile, na ile ya kimataifa iliyopitiwa upya mwaka 2010 imeingiza hata maradhi ya akili. Ugonjwa usiokuwemo si kwamba hauna dai popote. Ni kwamba mzigo wa kuthibitisha unarudi begani kwako, na ni mzito.

Mwaka 1700 daktari mmoja wa Italia, Ramazzini, aliwaambia wenzake kwamba wakimwuliza mgonjwa maswali yao ya kawaida, waongeze moja: unafanya kazi gani? Nami nawaongezea ninyi wagonjwa: daktari asipokuuliza, mwambie. Mwambie kazi zote, tangu ya kwanza. Mwambie rangi ulizopuliza, mawe uliyokata, mashine iliyokuwa ikipiga kelele mpaka mnaongea kwa ishara. Na hakikisha ameandika. Yale maandishi ya daktari ndiyo kisanduku cha fomu kwa mtu mwenye ugonjwa.

La nani anahesabika mfanyakazi nitalipita haraka, ingawa linaumiza wengi. Mkataba wa maandishi si sharti. Kibarua wa siku moja anaweza kuwa mwajiriwa, na mwenye karatasi inayomwita "mkandarasi huru" anaweza kuwa mwajiriwa vilevile, kama anapangiwa saa, anapewa vifaa, anasimamiwa na hawezi kumtuma mtu mwingine badala yake. Mahakama hutazama kazi ilivyo kuliko karatasi inavyosema. Na katika sheria nyingi, mwajiri kutokukuandikisha au kutokulipa michango yake hakukufutii wewe haki. Ni kosa lake, na atadaiwa yeye.

Malipo yenyewe, matibabu, sehemu ya mshahara ukiwa huwezi kazi kwa muda, ulemavu wa kudumu kwa asilimia, pensheni kwa wategemezi, kila nchi ina jedwali lake. Litafuteni lenu. Jioni moja inatosha.

Sasa siku yenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na jeraha ni hivyohivyo. Umeumia, hata kidogo, mwambie msimamizi siku hiyohiyo na uone kwa macho yako ameandika kwenye daftari la ajali. Usisubiri uvimbe. Sheria zina muda wa kutoa taarifa na muda mwingine mrefu kidogo wa kuwasilisha madai, na unaowaua watu ni ule mfupi. Hospitali sema ulikuwa unafanya nini, maana mara nyingi nimekuta fomu inasema mashine na kadi ya hospitali inasema "ameanguka nyumbani", kwa sababu aliyempeleka aliona ni rahisi kusema hivyo, au aliambiwa aseme hivyo. Karatasi mbili zikigombana, mdai ndiye anayeumia mara ya pili. Na ukiletewa hati ya kukubali kiasi fulani na kutodai tena, omba upewe nakala ukaisome. Sheria nyingi hazitambui mtu kuuza haki yake ya fidia chini ya kile alichostahili, lakini kuipinga saini yako mwenyewe ni safari ndefu.

Nimemaliza yangu. Naona mkono kule nyuma. Karibu dada, simama wote wakuone, si mimi tu.

Dada anasema hivi, narudia ili wote wasikie: yeye si mwajiriwa wa hapa, ni wa kampuni ya usafi. Aliungua mkono na dawa ya kusafishia miezi minne iliyopita, hakujaza fomu yoyote, msimamizi wake alimwambia aweke maji, na sasa vidole viwili havikunji vizuri. Anauliza kama amechelewa.

Dada yangu, umechelewa kutoa taarifa, lakini usijifungie mlango mwenyewe. Sheria nyingi humvumilia aliyechelewa kama ana sababu, au kama mwajiri alikwishajua. Msimamizi aliyekwambia uweke maji, je, hakujua? Huyo ni mwajiri wako amejua. Ulikwenda hospitali? Kesho yake. Kadi unayo? Vizuri, hiyo ina tarehe. Nani mwingine alikuwepo? Mwenzako wa zamu, na bado mnafanya naye kazi. Vizuri zaidi. Mwajiri wako kwa dai hili ni kampuni ya usafi, lakini taarifa peleka na kwa wenye jengo, wagonge muhuri wa kupokea.

Hebu njoo hapa mbele na kalamu. Usiandike "niliungua mkono". Nisimulie kama unavyomsimulia mama yako, mimi nitaandika.

"Saa kumi na moja alfajiri, nikiwa zamu, nilikuwa nasafisha choo cha ghorofa ya pili kama nilivyopangiwa na msimamizi. Dumu la dawa lilikuwa halina kifuniko, limefungwa kwa nailoni. Nilipolinyanyua nailoni ilichomoka, dawa ikamwagikia mkono wangu wa kulia. Sikuwa nimepewa glavu. Mwenzangu aliyekuwa akideki korido alisikia nikipiga kelele, akaja kunimiminia maji."

Isome. Ndivyo ilivyokuwa? Weka tarehe ya leo chini, na ile ya ajali hapa juu. Haya, mwingine.